Gurudumu la Kulazimisha

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto haimwonei huruma mtu wa baiskeli. Inaanza chini kwenye joto la tambarare, pale ilipoachana na barabara kuu ya Tanga na Moshi, kisha inajikunja na kupanda ubavu wa milima ya Usambara, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na kufika Lushoto mjini baada ya kilomita zaidi ya 30. Anayepanda na baiskeli isiyo na gia huikokota sehemu kubwa ya njia. Anayeshuka na mzigo hahangaiki kukanyaga. Hangaiko lake ni kusimama.

Kijana wa kisa hiki alikula kwa barabara hiyo. Simtaji jina, na halihitajiki, maana wenzake utawakuta kila kijiwe cha mafundi baiskeli kuanzia Tanga hadi Kigoma. Alikuwa na Phoenix nyeusi aliyoachiwa na baba yake: fremu ya chuma, ringi za inchi 28, breki za fimbo, keria iliyoongezewa nondo ili ibebe magunia mawili. Alfajiri aliikokota hadi Soni, akapakia kabichi na karoti, akashuka nazo Mombo kabla jua halijazinyausha. Safari moja kwa siku. Alitaka mbili, na hesabu yake haikuwa mbaya hata kidogo: kilichomla muda kilikuwa kupanda. Akipata gia, atapanda ameketi.

Siku ya gulio akaona alichokuwa akikiota. Mwuza mtumba alikuwa amemwaga chini vipande vya baiskeli za kontena, na kati yake lilikuwepo gurudumu la nyuma la baiskeli ya mlimani: ringi ya aluminiamu ya inchi 26, habu inayong'aa, sproketi saba zimepangana, kubwa kuliko zote ina meno 28. Akapewa na ule mkono mdogo unaohamisha cheni, pamoja na waya wake. Bei ilikuwa ya kuku wawili. Akalipa, akalibeba begani moja kwa moja hadi kwa fundi.

“Fundi, hili litaingia kwenye Phoenix?”

Fundi alilitazama gurudumu, akaitazama fremu. Rula haikuonekana.

“Litaingia, kaka. Chuma hakikatai.”

Hapo alisema kweli tupu, na ndipo balaa lilipoanzia. Chuma hakikatai. Fremu ya baiskeli ya zamani ukiivuta itanyooka, ukiibana itabanika, na haitatoa sauti ya kukuonya kwamba umevuka mpaka. Ingekuwa ngumu zaidi, au ingepasuka papo hapo, kijana angerudi nyumbani amekasirika, lakini mzima.

Tupime sisi, kwa kuwa fundi hakupima. Gurudumu la nyuma hukaa kati ya midomo miwili ya fremu, mwishoni mwa ile mikono ya chuma inayotoka kwenye krenki na kwenye bomba la kiti. Kwenye baiskeli za aina ya Phoenix, zilizotengenezwa kwa ajili ya sproketi moja, nafasi kati ya midomo hiyo ni kama milimita 110. Gia zilipoanza kuongezeka nyuma, nafasi nayo ikaongezeka: milimita 120 kwa baiskeli za gia tano, 126 kwa za sita na saba, 130 kwa baiskeli za barabarani zilipofika gia nane, 135 kwa zile za mlimani. Za siku hizi zimefika 142 na 148. Habu aliyoinunua kijana ilikuwa ya 135. Kwa hiyo palikuwa na milimita 25 zisizokuwepo, upana wa vidole viwili vya mtu mwembamba, na zilipaswa kutoka kwenye fremu ya baba yake.

Fundi huyo hakuwa mjinga, wala simwiti tapeli. Alikuwa ameona kwenye simu mzungu mmoja akivuta fremu ya chuma kwa mikono, akachomeka gurudumu jipya, akaondoka akipiga mluzi. Jambo hilo lipo na ni salama kwa mahali pake. Ulaya na Marekani wapo wengi wanaozitunza fremu za chuma za miaka ya 1970 na 1980 na kuzivisha magurudumu mapya. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, alieleza kwa kirefu namna ya kuipanua fremu ya chuma kwa ubao mrefu, mkono mmoja baada ya mwingine, huku ukipima kila hatua. Lakini kazi iliyozoeleka kwa watu hao ni kutoka 126 kwenda 130. Ni milimita 4, mbili kila upande. Fremu nyingi hata hazihitaji kupindwa kwa pengo hilo. Unazitanua kwa vidole gumba, gurudumu linaingia, nati zinakazwa, basi. Fundi wetu aliona mkono unaovuta. Rula iliyotangulia kabla ya mkono hakuiona, au ilikatwa kwenye video.

Huenda utauliza kwa nini hakuichukua habu peke yake, akaifunga kwenye ringi ya zamani ya inchi 28. Alijaribu kuwaza hivyo, akahesabu matundu. Ringi ya nyuma ya baiskeli hizi za mtindo wa Kiingereza ina matundu 40 ya spoku, ya mbele 32. Habu ya mtumba ilikuwa na 36. Haziwezi kuoana. Ikabidi lichukuliwe gurudumu zima, na ringi yake ndogo, na kila kitu kinachofuatana na ringi ndogo.

Jeki ya gari ndiyo iliyofanya kazi. Aliilaza kati ya midomo miwili, akaizungusha taratibu. Alipoilegeza, fremu ilirudi karibu ilipokuwa. Chuma kina tabia ya kurudi mpaka ukivute kupita kiasi cha uvumilivu wake, na baada ya hapo hakirudi tena pote. Akazungusha zaidi. Akalegeza. Akazungusha zaidi, safari hii hadi mkono wa mtu ukapita, na alipolegeza ikabaki 135 na ushei. Kijana akapiga makofi.

Walichopaswa kukitazama ni mikono yenyewe. Jeki husukuma pande zote mbili kwa nguvu ileile, lakini pande mbili hazilingani kwa ugumu. Wafunge watu wawili wasiolingana nguvu kwa kamba moja uwavute, atakayeburuzika ni mnyonge. Mkono wa kulia wa fremu mara nyingi umebonyezwa kidogo kiwandani ili sproketi ya mbele isiuguse, na mbonyeo huo ni mahali pa kupindia. Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya zile milimita 25 ilitoka upande wa kulia. Wa kushoto ulisogea kidogo tu. Midomo nayo haikuwa ikitazamana tena. Mkono unapopindika kwenda nje, mdomo uliopo mwishoni hugeuka nao, digrii moja au mbili. Ni kidogo kwa macho. Nati zinapokazwa juu ya midomo iliyogeuka, kinachopindwa ili kuifuata midomo hiyo ni ekseli.

Gurudumu liliingia. Kisha zikaanza zile kazi ndogo ndogo ambazo fundi mwenye busara angezichukua kuwa onyo.

Breki ya nyuma haikuwa na pa kushika. Breki ya fimbo haibani ubavu wa ringi. Mipira yake huvutwa na kukandamiza uso wa ringi unaotazama habu, na ringi za zamani zimetengenezwa na uso huo. Ringi ya mlimani haina. Isitoshe, ringi ya inchi 28 ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, na ile ya inchi 26 ina 559. Tofauti kutoka kwenye kitovu ni milimita 38 kila upande. Mipira ya breki ilikuwa inaelea hewani. Breki ya kisasa ya kubana ubavu huhitaji vishikio kwenye fremu, na fremu ya baba haikuwa navyo. Fundi akazifungua fimbo za nyuma, akamkabidhi kijana ndani ya mfuko wa rambo. “Ya mbele inatosha.”

Mimi hapo ningesimamisha kila kitu. Mtu anayeshuka Usambara na magunia mawili ya kabichi, kisha unamwondolea breki moja kati ya mbili! Lakini jua lilikuwa linazama, na kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akihimiza kazi iishe.

Cheni nayo ilikataa. Cheni ya zamani ni pana, upana wa ndani ni moja ya nane ya inchi, na haipiti kati ya sproketi saba zilizobanana. Ikanunuliwa nyembamba. Hiyo nyembamba haikukaa kwenye meno ya mbele, ambayo ni mazito, yaliyotengenezwa kwa ajili ya cheni pana. Fundi akashika tupa akayachonga meno yote 48, moja baada ya jingine, mpaka cheni ikakubali. Kwa upande wa uvumilivu nampa alama zote.

Na baiskeli ikawa imelala nyuma. Gurudumu dogo nyuma, kubwa mbele. Krenki ikashuka kama sentimita moja na nusu, na kwenye kona za kulia na kushoto pedeli ikawa inatafuta lami.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha, na tusimnyime furaha yake. Kwa sproketi ya zamani ya meno 18, mzunguko mmoja wa pedeli ulimpeleka karibu mita 6, na mlimani hakuna goti linaloweza hivyo. Kwa meno 28 na gurudumu dogo, mzunguko ulimpeleka kama mita 3 na nusu. Alipanda hadi Soni ameketi, akiwapita wenzake wanaokokota. Alifanya safari mbili kwa siku.

Mzee mmoja pale kijiweni, aliyewahi kuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge, aliitazama baiskeli ikipita, akamwita kijana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu isimamishe hapo. Gurudumu lako linakwenda upande.”

“Ni macho tu, babu. Linakwenda vizuri.”

“Macho yangu ni mabovu, uzi si mbovu.”

Akatoa uzi wa kushonea viatu. Akaufunga kwenye mdomo wa kushoto wa fremu, akaupitisha mbele ukazunguka bomba fupi la usukani, akaurudisha hadi mdomo wa kulia na kuukaza. Kisha akapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Fremu iliyonyooka hutoa kipimo kimoja pande zote. Hii ilitofautiana kwa milimita 9. Haikuhitaji maelezo, kila aliyekuwa hapo aliona kwa macho yake. Uzi huo, kwa maoni yangu, ndicho kifaa cha bei nafuu na cha kweli kuliko vyote alivyonavyo fundi baiskeli, na ni aibu kwamba wengi hawautumii.

“Fungua hilo gurudumu,” mzee alisema. “Rudisha la zamani, uniletee fremu niinyooshe kabla haijachoka. Na hizo nati zako, unazikaza mara ngapi kwa wiki?”

Kijana alikuwa anazikaza kila asubuhi. Hakusema.

Alirudi kwa fundi wa kwanza. Fundi alikubali kwamba gurudumu limeegemea upande mmoja wa fremu, na dawa aliyoijua ilikuwa spoku: akalegeza za kulia, akavuta za kushoto, mpaka tairi likaonekana katikati. Gurudumu lenye sproketi nyingi tayari spoku zake za kulia zimekazwa kuliko za kushoto, kwa sababu sproketi zimekula nafasi upande huo na ringi lazima ikae katikati. Sasa mizani hiyo ikavurugwa ili kuficha kosa la fremu. Wiki ileile spoku mbili zikakatika. Akafunga nyingine. Kulikuwa na mlio mdogo wa kukwaruza kila pedeli ya kulia iliposhuka, wakaimwagia oili.

Mlio ulikuwa wa ekseli. Hili linafaa kuelezwa, maana ndicho kiini cha ajali yenyewe. Habu ile ilikuwa ya friwili ya kusokota. Kwenye habu za namna hiyo, gololi za upande wa cheni hukaa ndani, nyuma ya friwili, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki kikitokeza bila kushikwa hadi kifike kwenye fremu. Sproketi zikiwa saba, kipande hicho ni kirefu zaidi. Uzito wote wa nyuma unakikandamiza papo hapo. Ndiyo sababu mwaka 1978 Shimano walileta habu yenye friwili iliyounganishwa nayo, gololi zikasogezwa nje karibu na fremu. Ekseli ya aina ya zamani hukunjika hata kwa mtu asiye na mzigo, hata kwenye fremu iliyonyooka. Hii ilikuwa chini ya magunia mawili, kwenye midomo isiyotazamana, na kila mzunguko wa gurudumu uliipinda na kuinyoosha, kuipinda na kuinyoosha. Chuma kinachofanyiwa hivyo hupata ufa, na ufa hukua bila kuonekana, ndani ya habu, mahali ambapo mtu haoni mpaka afungue.

Ilikatikia kwenye mteremko wa kutoka Soni, siku ya manyunyu. Gurudumu la nyuma lililala likabana mkono wa kushoto wa fremu na kusimama ghafla. Kijana akabana breki ya mbele, ambayo ilikuwa ya fimbo juu ya ringi ya chuma iliyopakwa kromu, na ringi ya kromu ikilowa haishiki kitu. Baiskeli ilikwenda mlalo, ikamtupa upande wa mlima. Ingemtupa upande wa pili nisingekuwa na kisa cha kusimulia, ningekuwa na msiba. Alivunjika mfupa wa bega na kuchunika paja. Kabichi zilitelemka zenyewe, na waliookota hawakumngojea mwenyewe.

Fremu ilipoletwa kijiweni, mzee aliisugua kwa msasa pale kipande kidogo kinapounganisha mikono miwili karibu na krenki. Rangi ilitoka, ufa ukaonekana kwenye kiungo. Mtu mmoja akapendekeza ikachomelewe. Mzee akatikisa kichwa: viungo hivyo vimeunganishwa kwa shaba, na ukija na umeme juu ya shaba, shaba inachanganyika na chuma kilichoyeyuka na kiungo kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa. Anayejua kuunganisha kwa shaba angeweza kuirekebisha. Mombo hakupatikana. Fremu ya baba iliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.

Lawama wengi waliimwaga kwa fundi. Mimi naigawa. Fundi alikosa rula na akakosa neno “hapana”, na hilo la pili ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Mteja alileta kifaa alichokwisha kulipia, akataka kiwe jibu. Mafundi wengi wa mitaani huogopa kumwambia mteja kwamba pesa yake imekwenda bure, wakijua atavuka barabara na kumpata mwingine atakayesema ndiyo. Na baada ya uzi wa mzee, lawama iliyobaki ni ya kijana peke yake.

Kinachouma ni kwamba alichokihitaji kilikuwepo palepale gulioni. Friwili ya kawaida ya meno 22, ya kusokota kwenye habu yake ileile ya zamani, ingempunguzia mwendo wa kila mzunguko kutoka karibu mita 6 hadi chini ya mita 5. Asingepanda milima yote ameketi, lakini angekokota kidogo, na breki zake zote mbili zingebaki mahali pake. Mwenye pesa zaidi angetafuta habu ya gia za ndani. Sturmey-Archer, walioanzia Nottingham, wamekuwa wakijulikana kwa gia tatu za ndani ya habu tangu mwaka 1902, na nyingi kati ya habu hizo ni nyembamba kiasi cha kukaa kwenye fremu za zamani kwa kuvutwa kidogo tu. Uliza ya matundu 40 ili ringi yako itumike. Na kwa mwenye fremu ya 126 anayetaka gurudumu la 135, zipo habu ambazo washa za upande wa kushoto zikipunguzwa, ekseli ikakatwa na spoku zikavutwa upya, zinafika 130. Kazi ikabaki ya vidole gumba.

Bega lilipopona, kijana alinunua fremu nyingine ya Phoenix iliyotumika, akaweka gurudumu lake la zamani na friwili ya meno 22. Anafanya safari moja, siku nyingine moja na nusu, kwa maana ya pili anaishia njiani akiuza kwa wenye magari.

Wewe unayelitamani gurudumu la mtumba, kabla ya kulipa mwambie fundi apime mbele yako nafasi ya fremu na upana wa ekseli, ahesabu matundu ya ringi, akuonyeshe kwa kidole breki itakaposhika. Kama hana rula, azima ya mtoto wa shule. Pengo likizidi milimita 10, liache gurudumu lilipo. Na fremu yako ikiwa ya aluminiamu au kaboni, usikubali ipanuliwe hata kwa milimita moja: hizo hazipindi na kutulia kama chuma, zinapasuka.